Naomba ushauri: kuchoma nundu Kibrazili kwa watu 8

Wakuu, Jumamosi tunakutana marafiki 8 huku Ilemela, tunataka nyama ya mtindo wa churrasco, yaani uchomaji wa Kibrazili. Picanha haina shida: mnofu wa juu ya tako, mafuta yasitolewe, vipande vya sentimita 4 vikunjwe kwenye chuma mafuta yakitazama nje, chumvi ya mawe basi.

Kazi ipo kwenye nundu, Wabrazili huiita cupim. Nyuzi zake ni ngumu. Moto mkali huibabua nje, ndani inabaki kama mpira. Nimepanga kuifunga foili, saa 4 juu ya mkaa uliofifia, kisha kuifungua ipate rangi.

Kwa kilo 3 za ng'ombe wa Kisukuma, saa hizo zinatosha? Na buchani huuza nundu nzima, au mpaka uagize mapema?