Nukta kwenye PATH: iondolewe kabisa au kila mtu aamue mwenyewe?

Bado watu wanafundishana kuongeza nukta kwenye PATH (orodha ya folda ambamo kompyuta hutafuta programu unayoiita kwa jina) ili wasisumbuke kuandika ./ kabla ya jina la programu. Mimi nasema iondolewe kwenye kila mashine, si kwenye seva tu.

Ukiandika ls, amri ya kuorodhesha faili, sheli (programu inayopokea amri zako) hupita folda zilizotajwa kwenye PATH moja baada ya nyingine, na faili ya kwanza yenye jina hilo ndiyo inayoendeshwa. Haiulizi kaiweka nani. Nukta ni folda uliyomo wakati huo. Chukulia imetangulia kwenye PATH, na msimamizi akiwa root (akaunti yenye mamlaka yote) ameingia folda ya /tmp, ambako kila mtumiaji anaruhusiwa kuandika. Mtu kaacha humo skripti iitwayo ls. Itaendeshwa kwa mamlaka yote ya root, kisha yenyewe iite ls halisi, orodha itokee kama kawaida. Hatashtuka.

— Mkuu, mimi nimeiweka mwishoni. Ls ya kweli inapatikana kwanza, hatari iko wapi?

Iko kwenye vidole. Umekusudia ls, ukaandika sl. Kama mashine haina programu ya jina hilo, utafutaji unafika mpaka kwenye nukta, na mwenye nia mbaya alishaacha sl akikusubiri. Tena kuna nukta isiyoonekana: PATH ikianza au kuishia na alama ya :, au alama hizo zikifuatana mbili, nafasi ile tupu huhesabiwa kuwa folda uliyomo. Kagueni zenu leo, hili huingia kimyakimya.

— Laptopu yangu naitumia peke yangu. Halafu cmd, sheli ya zamani ya Windows, huanza na folda uliyomo miaka yote, mbona tunaishi?

Uko peke yako mpaka upakue mradi wa mtu mwingine. Ndani yake kuna git.exe; programu yako ya kuandikia kodi inaita git (programu ya kutunza matoleo ya kodi) ikiwa humo, na iliyoitika si git uliyoisakinisha. Ndiyo maana PowerShell, sheli nyingine ya Windows, inadai .\ kwanza, na lugha ya Go tangu toleo la 1.19, mwaka 2022, inakataa kuendesha programu ambayo PATH imeiokota kwenye folda uliyomo.

Anayetetea nukta anijibu hilo la mradi uliopakuliwa. Hoja ya kuokoa herufi mbili nimeshaisikia.