Barua pepe ya ofisi imeingiliwa na salio la kontena limelipwa kwa tapeli: tuanzie wapi?

Mhasibu wa Kariakoo

Habari za kazi, wanajukwaa. Natunza hesabu za kampuni ndogo yenye duka la vigae Kariakoo, na mzigo wetu mwingi hutoka kiwandani Foshan, China. Kwa kawaida tunalipa asilimia 30 ya profoma (ankara ya awali) ili kiwanda kianze kazi, kisha asilimia 70 iliyobaki tunailipa tukishatumiwa nakala ya BL, yaani hati ya mzigo uliopakiwa melini. Safari hii nakala ya BL ilikuja kama kawaida, na saa chache baadaye ikafuata barua pepe iliyosema kwamba akaunti ya kiwanda inakaguliwa na mamlaka ya kodi, kwa hiyo salio la dola 21,700 lilipwe kwenye akaunti nyingine iliyoko Hong Kong. Sikushtuka, kwa kuwa viwanda vingi vya China hupokea fedha kupitia Hong Kong, na barua yenyewe ilikuja chini ya mazungumzo yetu yale yale ya miezi miwili, ikiwa na jina la dada wa mauzo na muhuri wa kiwanda kwenye ankara. Nililipa Jumanne. Leo Ijumaa dada huyo amenipigia WeChat kuuliza salio litalipwa lini.

Nimeirudia barua ile herufi kwa herufi. Anwani iliyoituma inafanana na ya kiwanda, ila "m" iliyo katikati ya jina imeandikwa kwa herufi mbili, "r" na "n", ambazo kwenye kioo cha simu zinashikana na kusomeka kama "m". Mwenye kampuni nimemweleza yote asubuhi hii, na nywila ya barua pepe nimekwisha kuibadilisha. Naomba kujua kama hilo linatosha, na kama kuna njia ya kuzipata fedha.

Dawati la Malipo

Pole sana ndugu yangu. Kabla ya kusoma majibu mengine, nenda benki yako sasa hivi, kwa miguu ikibidi, kabla hawajafunga kwa ajili ya mwisho wa wiki. Nimefanya kazi ya malipo ya nje kwa miaka kadhaa, na ninachokijua ni kwamba katika mambo haya saa moja ina uzito kuliko barua kumi za malalamiko. Waombe watume ujumbe wa kusitisha malipo kwa SWIFT, mtandao wa mawasiliano kati ya benki, na waeleze wazi kuwa ni utapeli, wala si kosa la kujaza fomu, kwa sababu benki inayopokea huushughulikia ujumbe wa namna hiyo kwa haraka zaidi. Sitakupa matumaini ya uongo: kama fedha zimekwisha kutolewa, hazirudi kwa ujumbe huo, na hata kama bado zipo, benki ya kule inaweza kudai idhini ya mwenye akaunti au amri ya polisi wa kwao.

Ndiyo maana ripoti ya polisi ni ya lazima. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakuhusu moja kwa moja, na Jeshi la Polisi lina kitengo cha makosa hayo. Usiifute ile barua, wala usitegemee picha ya kioo tu. Ihifadhi ikiwa nzima, pamoja na maelezo yake ya ndani yanayoonyesha ilikotoka.

Fundi wa Mifumo, Arusha

Nywila peke yake haitoshi, na hapa naomba unisome taratibu. Aliyekutapeli alijua BL imefika siku gani, alijua salio ni kiasi gani, na aliandika chini ya mazungumzo yenu halisi. Mtu huyo hakubahatisha; alikuwa ndani ya kikasha, ama chenu ama cha kiwanda, akisoma kwa muda mrefu huku akisubiri siku ya malipo. Mwizi wa aina hii akishaingia, jambo la kwanza analofanya ni kujiwekea mlango wa nyuma, na mlango huo haufungwi kwa kubadilisha nywila.

Fungua mipangilio ya barua pepe kwenye kompyuta, si kwenye simu, utazame sehemu mbili: usambazaji wa barua kwenda anwani nyingine, na vichujio au kanuni za kikasha. Kanuni moja ninayoikuta mara kwa mara huagiza kwamba barua zote kutoka kwa msambazaji fulani ziwekewe alama ya kuwa zimesomwa na kuhamishiwa folda ya RSS, ambayo hakuna mtu ofisini anayeifungua. Baada ya hapo, ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, futa ruhusa za programu usizozitambua, uangalie pia kama namba ya simu na anwani ya kurejeshea akaunti ni zenu kweli.

Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili kwa kila mfanyakazi, akiwemo bosi, ambaye mara nyingi ndiye anayekataa. Tumieni programu ya kutoa namba badala ya SMS, kwa sababu laini ya simu inaweza kurudishwa na tapeli kwa jina lako. Hata hivyo, ukurasa bandia wa kuingilia unaweza kuinasa hata namba hiyo ukiiandika humo. Anayeshika malipo afadhali awe na ufunguo wa USB, kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta ambacho hakidanganywi na ukurasa bandia.

Mfanyabiashara wa Mombasa

Pole sana. Nisikilize na mimi ninayeagiza vipuri, maana fundi amesema ya mitambo, na fedha hizi zimetoka kwa mkono wa mtu. Evaldas Rimasauskas, raia wa Lithuania, alizichukulia Google na Facebook zaidi ya dola milioni 120 kati ya 2013 na 2015 kwa ankara bandia za jina la Quanta Computer, kampuni ya Taiwan iliyokuwa ikiziuzia vifaa kweli; mwaka 2019 alihukumiwa Marekani kifungo cha miaka 5. Kampuni zile hazikukosa mafundi.

Kwetu, akaunti ya msambazaji iliandikwa kwenye daftari siku ya oda ya kwanza, pamoja na namba ya simu. Ikija barua ya kubadilisha akaunti, hata ikitoka kwenye anwani sahihi, mimi napiga namba ile ya daftarini, si iliyo kwenye barua, na mwenzangu naye anathibitisha kabla ya kutia sahihi. Usikubali kuharakishwa. Meli haitazama kwa sababu umechelewesha malipo kwa siku moja.

Mhasibu wa Kariakoo

Asanteni sana. Benki wametuma ujumbe jana saa tisa na nusu, na ripoti ya polisi ninayo mkononi. Fundi, kanuni nimeikuta kama ulivyosema: barua zote zenye jina la kiwanda zilikuwa zinakwenda folda ya RSS, na humo nimekuta barua mbili halisi za yule dada akiuliza mbona nimekuwa kimya. Nimeifuta.

Swali moja limebaki. Nimeambiwa niweke SPF, DKIM na DMARC, yaani kinga za kuthibitisha mtumaji wa barua pepe, kwenye domeni yetu (jina linalofuata @ kwenye anwani). Je, zingezuia barua ile?

Fundi wa Mifumo, Arusha

Hapana, kwa kuwa ile ilitoka kwenye domeni tofauti iliyosajiliwa na tapeli mwenyewe, na huenda ilikuwa na SPF yake iliyo sahihi kabisa. Hizo tatu humzuia mtu kutuma barua kwa jina lenu halisi, na ziwekeni, kwa sababu wateja wenu wa mikoani nao wanawalipa kwa ankara. Anzeni na DMARC ya kutazama ripoti tu, mkishahakiki kwamba barua zenu halali zote zinapita, iwekeni kwenye kukataa barua zisizopita. Na kanuni ile, kabla hujaifuta ungeipiga picha kwa ajili ya polisi. Kama mna kumbukumbu za nani aliingia kwenye akaunti ya barua pepe na alifanya nini, zipakue leo, kwa sababu hazikai milele.