Naomba ushauri: vifaa vya baiskeli vimejaa stoo

Wadau wa Nakuru, hamjambo? Goti limenizuia kupanda Menengai kwa baiskeli, na mwenye nyumba anataka stoo yake. Nina baiskeli ya mashindano, viatu vya kunasa kwenye pedali, tairi nyembamba za 700 na fimbo za kuvulia samaki (hizo ni hadithi nyingine). Tairi hizo haziingii kwenye Black Mamba, ile baiskeli nzito ya kawaida ya magurudumu ya inchi 28, kwa hivyo mafundi wa mtaani hawazitaki. Helmeti moja iliwahi kugonga lami. Hiyo naivunja, maana povu likishapasuka ndani halilindi kichwa. Vifaa vilivyobaki je, niuze kimoja kimoja au vyote pamoja? Mama watoto anasema wa skrapu waje wapime kwa kilo. Roho inakataa. Nani anajua vijana wanaofanya mazoezi ya baiskeli upande wa Njoro?