re0: watchdog timeout, seva inakata netiweki nikikopi faili kubwa

mgeni_wa_bsd: Wakuu habari za saa hizi. Nina kamashine ka zamani nimekawekea FreeBSD (mfumo endeshi kama Linux) kawe seva ya faili hapa ofisini, kadi ya netiweki ni ile ya kwenye mazabodi, inatumia draiva ya re (ya kadi za Realtek), mfumo unaiita re0. Ukiingia kwa ssh (kwa mbali, kuandika amri) haina neno, ila mtu akianza kukopi faili la giga mbili tatu dakika haiishi kila kitu kinaganda, kwenye skrini inatoka "re0: watchdog timeout", taa ya swichi inazima inawaka, kopi ndo imekufa hivyo. Kebo nimebadilisha mara mbili, na tundu la swichi. Bosi anasema bora turudi kwenye flashi.

fundi_usiku: Pole mkuu. Soma mstari mzima kwenye /var/log/messages maana ziko aina mbili. Ikiwa "watchdog timeout" tupu, draiva imeipa kadi paketi, imesubiri sekunde 5, kadi kimya, basi inaipiga riseti, ndo maana taa inazima. Ikiwa kuna "missed Tx interrupts", paketi zilitoka salama ila intarapti (ishara ya kadi) ya kusema "nimemaliza" haikufika kwa keneli, yaani kiini cha mfumo.

kaka_mkubwa: Mnajisumbua, chomeka kadi nyingine inayotumia draiva ya em (kadi za Intel) ukalale.

mgeni_wa_bsd: @kaka_mkubwa hela ya kadi ingekuwepo ningekuwa hapa saa hizi? 😂 Nimetafuta kwa grep kwenye logi, zipo zote mbili ila nyingi ni missed Tx interrupts. Nimejaribu na ifconfig re0 -tso (kuzima TSO, ile kadi kukatakata data yenyewe kuwa paketi), wapi.

fundi_usiku: Basi ishu ni intarapti. Kwenye /boot/loader.conf andika

hw.re.msix_disable="1"
hw.re.msi_disable="1"

Hizo zinazima MSI-X na MSI, njia mpya za kutuma intarapti, kadi irudi kwenye ile ya zamani. Halafu washa mashine upya, usihangaike kuziweka kwa sysctl mashine ikiwa inatembea, zinasomwa wakati wa kubuti tu. Ikirudi piga vmstat -i (inaorodhesha intarapti), namba ya irq, yaani laini ya intarapti, ya re0 itakuwa imebadilika. Ukikuta inagawana irq na usb na bado inasumbua, zima usb usizotumia kwenye bios.

mgeni_wa_bsd: Irq imebadilika kweli. Nimekopi faili la giga 6 mara tatu mfululizo, logi haijaongeza hata mstari, asante sana mkuu. Naiacha ikopi usiku kucha nione, bosi kaondoka na flashi yake mfukoni hajaamini bado.