Altezza: bushi mpya za mbele zimechanika tena, kosa la fundi au la spea?

Mtu_wa_Sae (Mbeya)

Wakuu, habari za mchana. Nina Altezza ya 1999, ile ya injini ya 3S-GE yenye gia sita za mkono. Injini iko safi, bodi halina kutu, shida ni miguu ya mbele. Nikitoka Uyole kuja mjini, kwenye ile mifereji iliyochimbwa na malori ya Tunduma, usukani unanivuta mara kushoto mara kulia kama vile kuna dereva mwingine humu ndani. Nikikanyaga breki kwa nguvu pua inakwenda upande na nasikia "dugu" moja chini ya miguu yangu. Matairi yanaliwa kwa ndani. Ukipitisha kiganja unahisi meno kabisa.

Kinachoniuma ni kwamba bushi hizi (raba za kwenye maungio ya miguu) ni mpya. Nilinunua Dar, zikaja na basi, nikapeleka gereji moja hapa mjini zikapresiwa kwenye wishiboni za chini (mikono ya chuma inayoshikilia gurudumu). Fundi akachukua 80,000 yake. Mwanzoni gari lilitulia, nikaenda nalo Tukuyu na zile kona nikazifurahia. Mvua hazijakatika, kelele zikarudi. Leo asubuhi nimelala chini na tochi: ile bushi kubwa ya nyuma ya wishiboni, upande wa kulia, mpira umepasuka karibu robo ya duara na ufa wenyewe umekaa mshazari.

Fundi anasema spea feki. Muuza spea anasema fundi hajui kazi. Jamaa yangu anasema weka za poli (polyurethane, ngumu kuliko mpira) usahau. Gari natembelea kila siku, wikiendi ndiyo napanda nalo barabara ya Chunya. Naomba ushauri wa mtu aliyeifanya kazi hii kwa mikono yake, siyo aliyesikia.

Shimo_la_Ipogolo (Iringa)

Kamwene mkuu. Kabla hujagombana na mtu wa Dar, jibu swali moja: fundi alipokaza bolti za wishiboni, gari lilikuwa wapi? Kama lilikuwa juu na magurudumu yananing'inia, usitafute mchawi.

Mafundi wengi, na wengine wamezeeka kwenye kazi, wanadhani bushi ya mpira inazunguka kwenye bolti yake. Haizunguki. Kuna bomba la chuma ndani, ganda la chuma nje, na mpira katikati uliogandishwa pande zote mbili. Ukikaza bolti, lile bomba la ndani linabanwa palepale na halisogei tena. Wishiboni inapopanda na kushuka, kinachofanya kazi ni mpira kujisokota. Pale ulipokazia ndipo mpira unapopumzikia. Sasa ukikazia mguu ukiwa unaning'inia, siku unashusha gari chini mpira tayari umesokotwa hata funguo hujazungusha. Umeegesha nyumbani umelala, wenyewe umesokotwa usiku kucha. Ukipiga tuta la pale kijijini unasokotwa kupita uwezo wake, na hapo unachanika. Bushi iliyokufa kwa uzee mara nyingi utaikuta mpira umekauka na una nyufa ndogondogo mzunguko mzima. Ya kwako mpya, ufa mmoja mkubwa wa mshazari. Mimi namshuku fundi kwanza, feki baadaye.

Dawa yake haina gharama. Gari likiwa limesimama sakafu tambarare, kabla ya jeki, pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa fenda, andika kwa chaki hapohapo kwenye fenda. Pima pande zote mbili maana gari la miaka hii halikai sawa. Fanya kazi yako. Wakati wa kurudisha, bolti zote za wishiboni zifike tu, usizikaze. Mwenye shimo la gereji ashushe gari litue kwa magurudumu yake, alisukesuke kidogo, aingie chini akaze. Asiye na shimo aweke jeki chini ya wishiboni, anyanyue mguu polepole mpaka kipimo cha chaki kirudi, akaze hapo, huku anaangalia gari lisijinyanyue kwenye stendi.

Na kwenye presi nako kuna mambo. Bushi ile kubwa huwa na nafasi wazi ndani ya mpira, na zile nafasi zina upande wake. Ziliwekwa ili gurudumu liweze kurudi nyuma kidogo likigonga shimo lakini lisiyumbe kushoto na kulia. Ukiigeuza, umeharibu hesabu yote. Kwa hiyo kabla hujatoa ya zamani piga alama kwa tindo kwenye wishiboni. Presi isukume ganda la nje tu. Nimeona watu wanasukuma bomba la katikati, bushi inaingia lakini mpira umeshaachia. Kulainisha ni maji ya sabuni. Oili na grisi ya kawaida vinakula mpira. Na tafadhali msichome bushi za zamani kwa gesi, ule moshi siyo wa kuvuta. Kata ganda kwa msumeno wa chuma taratibu, litaachia lenyewe.

Altezza ina wishiboni mbili kila mguu, mbele na nyuma. Toyota walipolitoa 1998 walitaka gari dogo la kusukuma kwa nyuma linaloshika kona, na gari likatwaa tuzo ya Gari la Mwaka la Japani. Raha yote hiyo inapita kwenye vipande vya mpira ambavyo watu wanavinunua kwa bei ya soda.

Makambako_Baridi

Shimo kasema kweli ila mimi niko upande wa poli. Nimeziweka kwenye Altezza yangu ya injini ya 1G. Usukani ukiugusa gari limeshaenda, breki kali za kushuka Kitonga halitikisiki. Halafu poli yenyewe inazunguka kwenye bomba lake, kwa hiyo hata fundi akikaza gari likiwa juu, haichaniki. Kasoro ni mlio. Julai asubuhi huku kwetu nikitoka getini jirani anajua naenda kazini. Inataka grisi ya silikoni na inataka ufungue uipake tena kila ikianza kulia.

Shimo_la_Ipogolo (Iringa)

@Makambako_Baridi hiyo sibishi. Lakini poli inapenda kuzunguka, haipendi kupindwa. Mahali ambapo mkono unapanda huku unajipinda, poli inagoma, na mzigo unahamia kwenye bolti na vishikio vya chesisi. Mwenye kuingia mashindanoni aweke. Anayekwenda nalo kazini, kanisani na msibani kwenye vumbi, mpira mzuri uliokazwa vizuri utamtosha.

Dada_wa_Mafinga

Kaka wa Sae, ukiwa umeshafungua hebu tikisa na boljointi za chini (viungo vya duara vinavyounganisha wishiboni na gurudumu). Kwenye gari hizi hazina msamaha, ikichomoka gurudumu linalala. Mimi nilichoka na habari za presi nikanunua wishiboni nzima zenye bushi na kila kitu. Siku moja kazi imeisha.

Shimo_la_Ipogolo (Iringa)

Sawa dada, mradi ujue umenunua bushi ya nani. Nyingi za bei rahisi chuma ni kizuri, mpira ni uji. Na ukiagiza usitaje Altezza tu. Taja namba ya modeli, SXE10 au GXE10, na ujue nje ya Japani gari hilihili liliuzwa kama Lexus IS 200, utapata spea nyingi zaidi.

Mtu_wa_Sae (Mbeya)

Nimetoka gereji sasa hivi. Nikamuuliza fundi ulikazaje, akasema "juu, kwani watu wanakaza wapi?" Basi nimeelewa. Jumamosi naingia kwenye shimo la jamaa pale Mafiati na bushi nyingine za mpira, nikiwa na chaki mfukoni. Boljointi ya kulia dada yangu ina mchezo kweli, naibadilisha pamoja. Ndaga fijo.

Swali la mwisho: alaimenti (kunyoosha magurudumu) nifanye siku hiyohiyo? Na haya matairi yaliyoliwa?

Shimo_la_Ipogolo (Iringa)

Ukikuta bolti ya wishiboni ina kamu ya kurekebishia, chora mstari kwa rangi kabla ya kulegeza, urudishe palepale, ili gari lifike kwenye mashine likiwa linaendesheka. Litembeze kidogo likae, ndipo ukapime. Wakikuambia wanarekebisha tairodi (fito za usukani) tu, waambie wasome kamba (camber, gurudumu kulalia ndani au nje) na kasta (mwinamo wa mhimili wa usukani) pia, wakupe karatasi.

Matairi: yenye meno yataendelea kuunguruma hata alaimenti ikiwa sawa, usije ukarudi hapa kusema bushi zimekufa tena. Kama waya haujaonekana yamalizie taratibu mjini. Ukiuona waya, Chunya usipande nayo.