Tupeane uzoefu: kiongozi wa kamati ya wazazi na walimu akienda kombo, mlifanyaje?

Mleta mada
Wakuu, salamu. Naomba tupeane uzoefu kwenye jambo ambalo wazazi wengi tunalinong'ona getini tu. Tunachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, watu wa kujitolea, tunapiga makofi na kuondoka. Mwaka unaisha, taarifa ya fedha hakuna, au ipo ya ukurasa mmoja isiyo na kichwa wala miguu. Anayeuliza anaambiwa "basi njoo ufanye wewe."

Kwetu mweka hazina ana udhuru kila kikao: leo kompyuta, kesho safari. Sitaki kumwita mwizi kwa sababu sina ushahidi. Kunyamaza nako siwezi, fedha ile ni ya watoto. Mliopitia haya semeni: mlianzia wapi, nini kilisaidia, nini kiliharibu. Tafadhali tusitaje majina ya watu wala ya shule.

Mzazi wa wawili
Kwetu mweka hazina alikuwa anajikopesha. Hakuna aliyeshtuka kwa sababu siku ya kikao salio lilikuwa sahihi kila mara. Taarifa yake ilionyesha salio la mwanzo na salio la mwisho, katikati kimya. Mjumbe mmoja, mama mpole tu, akaomba taarifa kamili ya benki ya miezi yote, iliyotoka benki yenyewe na siyo iliyochapwa na mweka hazina. Kumbe fedha zilikuwa zinatoka muhula ukianza na kurudi siku chache kabla ya kikao.

Tukakaa na vitabu vya stakabadhi. Mmoja anasoma namba, mwingine anatia alama ya penseli kwenye taarifa ya benki. Namba zikaruka. Kitabu kizima hakikuwepo, na kuna wazazi walikuwa na nakala zao nyumbani zenye namba zilezile zilizokosekana. Michango yao haikuwahi kufika benki.

Hatukuandika neno kwenye kundi la WhatsApp. Tulimwandikia mwenyekiti barua, nakala kwa mkuu wa shule, tukaeleza tulichokiona na siyo tulichokidhania. "Stakabadhi namba fulani hadi fulani hazipo" ni jambo ambalo yeyote anaweza kulihakiki. "Umeiba" ni hukumu, na hukumu haikuwa kazi yetu. Kamati ikamtaka ajieleze kwa maandishi, ikamsimamisha kupisha uchunguzi, na siku hiyohiyo ikaiandikia benki kubadilisha watia saini.

Na hapa niseme kwa uchungu: hundi zetu zilitakiwa saini mbili. Ila mwenyekiti alikuwa anasaini kitabu kizima kikiwa kitupu ili asisumbuliwe. Ukisaini hundi tupu, umempa mwenzako akaunti.

Alikubali kurudisha fedha. Mwenyekiti akataka yaishe kimyakimya, tukakataa. Fedha ni ya wanachama wote, kamati haina ruhusa ya kuisamehe kwa niaba yao. Makubaliano ya kulipa yakaandikwa na kupelekwa mkutano mkuu, na mkutano ndio ulioamua kuhusu kwenda polisi.

Mwalimu mjumbe
Upande wetu walimu kuna hofu ambayo wazazi hamuioni. Mwenyekiti akiwa rafiki wa mkuu wa shule, mwalimu anayeuliza swali anahesabiwa mchochezi. Mwenyekiti wetu aliipa zabuni kampuni ya ndugu yake. Sikumtaja. Niliomba kikao kiweke utaratibu kwamba kabla ya zabuni yoyote kila mjumbe atangaze maslahi yake, na mwenye maslahi atoke nje wakati wa maamuzi, na iandikwe kwenye muhtasari kwamba alitoka. Wote wakakubali, naye akiwemo. Zabuni iliyofuata alilazimika kutangaza. Pia ziletwe bei za wauzaji zaidi ya mmoja, kwa maandishi, bahasha zifunguliwe mbele ya wajumbe.

Katibu mstaafu
Hamjataja wizi wa kalamu. Nilirithi madaftari ya katibu aliyenitangulia, nikakuta maamuzi ambayo hakuna mjumbe anayekumbuka kuyafanya. Mchezo wenyewe ni mdogo: muhtasari hausambazwi, unasomwa haraka mwanzoni mwa kikao kinachofuata, watu bado wanatafuta viti, "tuthibitishe?", mikono juu, umepita. Kuanzia hapo uongo una saini.

Dawa yake: muhtasari ufike kwa wajumbe mapema, na mtu asione haya kusema "naomba tusahihishe kipengele hiki kabla hatujathibitisha." Mkiruka hapo, mkasubiri "yatokanayo", ile ajenda inayofuata baada ya kuthibitisha, mmechelewa. Kila azimio la fedha liandikwe nani alitoa hoja na nani aliunga mkono. Mtu haweki jina la mwenzake kwenye hoja ya kubuni kirahisi.

Niliyewahi kutuhumiwa
Naomba nami nisikilizwe, maana nilikuwa upande wa pili. Nilikuwa mweka hazina. Mzazi mmoja alijumlisha michango ya mahafali mara mbili, mara moja kwenye orodha ya madarasa na mara ya pili kwenye orodha ya jumla, akapata pengo kubwa. Badala ya kuniuliza akaweka kwenye kundi la wazazi usiku, na picha ya ukurasa. Kufikia asubuhi binti yangu alikuwa ameshaulizwa darasani mama yake atafungwa lini.

Wakaguzi waliteuliwa kutoka kwa wazazi wasio kwenye kamati. Niliwakabidhi kila karatasi na kudai tusainiane orodha ya nilivyokabidhi, jambo ambalo nawasihi wote mlioko kwenye nafasi hizi mlifanye. Walimaliza, kosa la hesabu likaonekana. Kisha mwenyekiti akanipigia simu kunipongeza. Nikamwambia simu haitoshi: nilituhumiwa mbele ya wazazi wote, nisafishwe mbele ya wazazi wote. Matokeo yakasomwa mkutanoni na kuingia kwenye muhtasari.

Kwa hiyo mleta mada, mwandikie mweka hazina wako. Mtajie unachohitaji na tarehe unayotaka. Huenda hesabu zimemshinda tu na anaona aibu kusema.

Mleta mada
Dada, pole sana, na nimekuelewa. Nitaandika. Je, akikataa kabisa, anatolewaje kabla muda wake haujaisha?

Mzazi, makamu mwenyekiti
Fungua katiba yenu kwanza, kabla ya kuongea na mtu. Tafuta: nani anaweza kuitisha mkutano wa dharura, notisi ni ya muda gani, akidi ni wangapi, kura ya kumtoa kiongozi ni nusu au theluthi mbili. Sisi tulimtoa mwenyekiti kwa kura nyingi sana, halafu tukashindwa, kwa sababu hoja ililetwa kwenye "mengineyo." Notisi haikusema kutakuwa na kura ya kutokuwa na imani, akapinga, na alikuwa na haki. Tukaanza upya.

Mara ya pili ajenda ilitajwa wazi, alipewa tuhuma zake kwa maandishi kabla, akapewa nafasi ya kujitetea bila kukatishwa, kura ikawa ya siri. Kikao niliongoza mimi, yeye alikaa upande. Mtu hawezi kuongoza kikao kinachomjadili mwenyewe.

Mzazi mgeni
Na kama hamna katiba?

Mzazi, makamu mwenyekiti
Ulizeni uongozi wa shule na mamlaka ya elimu inayoisimamia, mara nyingi kuna mwongozo wa kamati hizi hata kama hakuna mzazi aliyewahi kuuona. Kama hakuna kabisa, mkutano mkuu ndio wenye kauli. Andikeni kanuni zenu, zipitisheni, ndipo mshughulike na mtu. Msitunge sheria ya kumlenga yeye.

Mlezi
Kuna jambo moja halimo kwenye utaratibu wote huu. Tuhuma ikihusu usalama wa mtoto, usisubiri notisi wala akidi. Hiyo siyo ajenda ya kamati. Nenda kwa mkuu wa shule, ustawi wa jamii au polisi, na kama mkuu ndiye mtuhumiwa, mruke. Msimhoji mtoto nyinyi wenyewe, tena kwa zamu. Walifanya hivyo shule moja ninayoijua, mtoto akaacha kusema kabisa.

Mzazi wa wawili
Naunga mkono kwa asilimia zote.

Mzazi mgeni
La mwisho kwangu. Wetu ameshajiuzulu, ila mhuri na hundi bado viko kwake, na ndiye anayesimamia kundi la wazazi.

Katibu mstaafu
Msimbembeleze kwanza mhuri. Nendeni benki na muhtasari uliosainiwa unaoonyesha amejiuzulu na nani wameteuliwa, muombe hundi zote zilizobaki zizuiwe. Ulizeni na huduma za simu au mtandao zilizofungwa kwenye akaunti hiyo, huko ndiko watu husahau. Kisha barua ya makabidhiano yenye orodha: mhuri, vitabu vya stakabadhi vilivyotumika na visivyotumika, mafaili, nywila. Apewe siku ya mwisho, asaini yeye na anayepokea, na shahidi mmoja. Mhuri usiporudi, tangazeni kwa maandishi kwamba hautumiki tena na mchonge mwingine wenye mwonekano tofauti. Kundi la wazazi fungueni jipya.