Kuosha gari mwenyewe, kulipeleka kwenye presha au kumwita kijana: ipi ina nafuu ya muda na nguvu?

Mkazi wa Tabata
Wakuu, heshima zenu. Nina gari dogo jeusi, na ninataka kulinganisha njia tatu kabla sijanunua vifaa. Nikiliosha mwenyewe nyumbani, nje na ndani, saa moja na nusu huisha na mgongo hulalamika. Kwenye mashine ya presha kazi yenyewe ni fupi, lakini Jumamosi foleni inaweza kuzidi muda huo wote, na bei za mtaani kwetu ni kati ya shilingi 5,000 na 10,000. Njia ya tatu ni kijana anayepita majumbani na ndoo yake. Ninyi mnaonaje?

Fundi Rangi
Ndugu, ukiosha mwenyewe, sehemu isiyotaka haraka ni ya kukausha. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi, na yakikaushwa na jua juu ya boneti huacha madoa meupe ambayo kuyaondoa ni kazi kubwa kuliko kuosha kwenyewe. Osha asubuhi mapema au jua likishapoa, kisha kausha upande mmoja kabla ya kuhamia mwingine. Jambo la pili ni mchanga: mwagia gari maji kuanzia juu ya paa kabla sponji haijaligusa, na uwe na ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia sponji. Chembe moja iliyonaswa kwenye sponji inatosha kuchora rangi, na gari jeusi halifichi kitu. Lisimamishe juani uone mikwaruzo ya mviringo iliyotanda kama utando wa buibui. Kwa maji, ndoo nne au tano za lita 20 zinalitosha gari dogo, ilhali mpira ulioachwa wazi humwaga kiasi hicho kwa dakika chache.

Binti Kigamboni
Ninakubaliana na Fundi kuhusu bodi, lakini sisi tunaoishi karibu na bahari tuna adui mwingine, yaani kutu inayoanzia mvunguni. Huko ndoo haifiki, kwa hiyo presha, hasa penye jukwaa la kupandishia gari, inastahili foleni yake. Ila simama hapo hapo uangalie: wasielekeze presha kwenye injini, kwa sababu maji yakiingia kwenye koili zinazopeleka umeme kwenye plagi, au kwenye soketi za sensa, gari huanza kukosa moto, yaani injini hutetemeka na kupoteza nguvu. Wakitaka kupaka dizeli au mafuta ya taa mvunguni ili pang'ae, kataa, kwani hulainisha na kuharibu bushi, yaani vipande vya mpira kwenye viungo vya mvunguni.

Mkazi wa Tabata
Ahsanteni. Na kijana wa ndoo je?

Mzee wa Gereji
Kijana anakuokolea jasho, lakini muda si sana, maana usipomsimamia, kitambaa alichofutia rimu zenye unga wa breki ndicho atakachopanda nacho kwenye milango. Mpe vitambaa vyako viwili vya rangi tofauti na shampuu ya gari, kwa sababu sabuni ya unga huondoa nta inayolinda rangi. Ukifanya hivyo, ninamweka mbele ya presha kwa usafi wa wiki hadi wiki.

Mama Watatu
Mnasahau ndani, ambako kwa wenye watoto ndiko kwenye kazi hasa. Biskuti iliyosagika kwenye reli za kiti haitoki kwa presha wala kwa haraka. Inataka brashi ndogo, vakyumu na subira. Aidha, kapeti nyingi hurudishwa zikiwa zimelowa, na msimu wa masika gari hunuka uvundo kwa siku kadhaa. Mimi za kwangu ninazifua nyumbani na kuzianika peke yake siku nyingine, bila kugusa bodi.

Mkazi wa Tabata
Basi bodi na ndani nitafanya nyumbani kwa siku tofauti, na mvungu nitaupeleka kwenye presha siku za kazi asubuhi, wakati hakuna foleni. Kijana nitamwita ninapobanwa, kwa vitambaa vyangu.

Fundi Rangi
Mpango mzuri. Ila kinyesi cha ndege usikisubirishe hadi siku ya kuosha, kwa kuwa kwenye jua la Dar es Salaam hula rangi upesi. Kiloweshe kwa kitambaa chenye maji mpaka kilainike, kisha kiinue bila kusugua.